Sakafu Isiyomwagiwa Maji

Mtaa wa Santiago,
Jerez.
9 Septemba 1986

Mpendwa Shangazi Encarna,

Natumaini barua hii itakukuta salama huko Rosario, na kwamba goti lako limepona na baridi ya huko imeanza kupungua. Sisi ni wazima. Mimi ni mzima kupita kiasi, maana nimeolewa, Shangazi, na kila asubuhi nikimwona Eusebio akinyoa ndevu nashangaa kwamba ni wangu.

Baada ya harusi tulikwenda kwa pikipiki yake kuonja divai za kwetu: Puerto, Chiclana, halafu Sanlúcar, ambako divai ina ladha ya chumvi ya bahari na kamba wa baharini hawakosekani mezani. Tulipanga siku nne, tukakaa wiki mbili. Kila ghala tuliloingia, Eusebio alinusa bilauri yangu kabla ya yake. Ningeondokaje?

Hapo ndipo tulipokosea. Baba mkwe, Mzee Bartolo, ni msimamizi wa ghala la divai. Siku ya harusi alitupa pipa ambalo marehemu babu yake Eusebio alilianzisha mwaka mjukuu alipozaliwa, pamoja na ufunguo wa chumba lilimo. Kazi yetu ilikuwa kumwaga maji sakafuni kila siku ya joto na kushusha mikeka ya madirisha, ili chumba kipoe na ule utando mweupe unaoelea juu ya divai na kuilinda usife. Tukasahau, tena Agosti.

Tuliporudi, utando wote ulikuwa umezama. Eusebio alikaa juu ya ndoo. Divai ikiwa siki, pipa hutolewa nje siku hiyo hiyo lisije likaambukiza mengine, na babu hakuacha kitu kingine.

Jumamosi Mzee Bartolo akaja na chaki ya kutilia mapipa alama na kata yake ya mpini mrefu. Akachota, akanusa. Akanusa tena.

“Nani alimwaga maji humu?”

“Hakuna, baba,” Eusebio akajibu.

“Naona. Mlikuwa mnamwagiana mabusu.”

Nilitamani ardhi inimeze. Kisha akaonja, akafumba macho.

“Siyo siki. Imevua shela tu. Sasa itavuta hewa, itaiva rangi, iwe amontillado, ile divai ya kahawia iliyokomaa. Wiki mbili zimeizeesha kuliko miaka sitini ilivyonizeesha mimi. Haya, bibi harusi, onja.”

Ilinukia lozi, Shangazi, nami nikaomba tone jingine. Mzee akampa Eusebio chaki aandike mwenyewe alama mpya. Mstari ulipinda, lakini pipa limebaki mahali pake, na usiku ule tulilala fofofo kama watoto.

Siku hizi Mzee hupita kwenye chumba cha pipa kila alasiri, na huitazama sakafu kama imelowa kabla hajatusalimu.

Mama, kaka Fermín na Bibi Remedios wanakusalimu sana. Bibi anauliza kama bado unasuka nywele. Bikira wa Merced akufunike kwa joho lake, wewe na watoto wote.

Wako akupendaye, sasa mke wa mtu,
Milagros