Ridhaa ya Marehemu

Maskati

Kwa mke wangu Bi. Zuhura, mama yake Rahma,
Mji Mkongwe, Unguja.

Assalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh.

Natanguliza salamu kama ipasavyo, na baada ya salamu nakuuliza hali yako, hali ya mtoto wetu, na hali ya goti lako ambalo ngazi za nyumba ile hazilihurumii. Ikiwa nyote mu wazima, sifa njema ni za Mwenyezi Mungu. Kwa upande wangu, uhai na afya ninavyo. Nalibainisha jambo hili mapema na kwa mkazo, kwa kuwa siku hizi wapo watu wazima wenye akili zao wanaoamini vyenginevyo.

Barua hii utakabidhiwa na Kombo, Mpemba ninayelala naye chumba kimoja, ambaye amepata likizo. Nimechagua karatasi badala ya simu kwa sababu kila tukilizungumza suala hili kwa simu, wewe hulia, mimi hufoka, na chaji humalizika kabla ya hoja. Unafahamu kwamba sikupita skuli kubwa, na lugha ya maandishi nilijifundisha mwenyewe. Humu bwenini, mwenzetu akitaka kumwandikia tajiri ombi lolote, huniletea mimi nimpangie maneno. Ombi la likizo la Kombo niliandika mimi, likakubaliwa. Langu la kuja Idi niliandika mimi vilevile, kwa maneno bora zaidi, likakataliwa.

Habari za kazi hazina jipya. Tunafua mazulia. Msimu huu yameletwa ya misikiti, marefu kama vichochoro, na zulia lililorowa maji huwa zito kuliko maiti. Sabuni imenila ncha za vidole hata kalamu hii naishika kwa taabu, hivyo herufi zikipinda usidhani ni hasira. Hasira ipo, lakini haiko mkononi.

Sasa naingia katika maudhui.

Uliponiarifu kwamba Rahma amechaguliwa kuigiza katika tamthilia ya watoto ya televisheni, hiyo Kichochoro Kimoja, nilifurahi kwa dhati. Nilikumbuka tulipomhamisha kutoka Chwaka, namna watoto wa mtaani walivyomcheka kwa matamshi yake ya shamba, hata akawa haendi dukani mpaka umfuate. Ukanieleza kwamba hadithi inahusu watoto wa mtaa mmoja wa Mji Mkongwe wanaokua pamoja, kila mmoja na asili yake: mjukuu wa sonara wa Kihindi, msichana wa Kingazija, mtoto wa Kikristo ambaye mama yake anauza mishikaki Forodhani, na Mwanaidi aliyehamia mjini kutoka shamba, ambaye ndiye Rahma wetu. Yaliyobaki hukunieleza.

Basi Ijumaa ilipoanza kuonyeshwa tulikusanyika bwenini kutazama. Kombo aliisimamisha simu yake juu ya ndoo iliyofudikizwa, nasi tukakaa mkekani kama watu wa sinema. Rahma alipotokea akikimbia na wenzake, wote walinipigia makofi. Kisha ukafunguliwa mlango wa nyumba ya Mwanaidi. Wanawake wamekaa chini, wamejitanda kanga, chetezo kinafuka. Na ukutani ipo picha yangu.

Nasema picha yangu, si ya mtu tunayefanana. Ni ile niliyopigwa studio ya Darajani kabla ya safari, nimevaa kofia ya viua aliyonishonea marehemu mama. Mtoto wangu akasimama mbele yake, akasema:

"Baba kaangukiwa na jengo Uarabuni. Hawakumleta. Wamemzika huko huko."

Akalia. Na alilia kilio ambacho sijapata kukisikia kwake tangu alipoachishwa ziwa.

Wa kwanza kusema bwenini alikuwa Kombo.

"Inna lillahi wa inna ilaihi rajiun. Baba Rahma, ndo ushakufa, na zamu ya kupika leo ni yako?"

Wakacheka hata mmoja akajigaragaza. Tangu siku ile sina jina jengine. "Marehemu, nipitishie chumvi." "Msimzidishie pilipili marehemu, ana hesabu ya kujibu." Nami hucheka pamoja nao, kwa kuwa bwenini mtu akikataa kuchekwa huongezewa.

Tamthilia yenyewe nimeitazama kwa uadilifu, nami sikatai uzuri wake. Inafundisha kwamba watoto wote wa kichochoro ni sawa, na futari ya mmoja ni ya wote. Lakini hebu tazama mgao. Mjukuu wa sonara kapewa baiskeli. Msichana wa Kingazija kapewa bibi mcheshi. Mtoto wa muuza mishikaki kapewa kipaji cha mpira. Mtoto wa shamba, katika usawa wote huo, kapewa msiba.

Haikuishia bwenini. Siku chache baadaye ilinifikia simu kutoka Chwaka, naye mpigaji alikuwa Ami Haji, ndugu wa baba yangu. Nakunukulia mazungumzo kama yalivyokuwa, maana najua yeye hatakusimulia.

"Nnazungumza na nani?"

"Shikamoo, ami."

"Marahaba. Weye nani uloshika simu ya marehemu?"

"Ni mie, ami. Makame."

"Kijana, usinifanyie masihara. Mie mtu mzima na nimefiwa. Nnataka kujua kazikwa makaburi gani, na nani kamuosha."

"Hajaoshwa mtu, ami. N'hai."

Akavuta pumzi. "Ikiwa weye ndiye Makame, baba'ko alikuwa akiniitaje tukiwa ndani wenyewe?"

"Kichwa cha pweza."

"Mh. U hai."

Hapo ndipo nilipoelezwa. Mtu mmoja wa Chwaka aliitazama tamthilia kwa jirani, akaiona picha yangu na mwanangu akilia chini yake, akatoka mbio na habari. Wazee walikasirika kwamba ninyi watu wa mjini mmekaa msiba bila ya kuwaarifu. Kwa kususa, hawakukupigia. Walikusanyika msikitini kwao, wakanisomea hitma, wakapika na pilau.

"Sasa ami, hamkuuliza kwanza?"

"Tumuulize nani? Mtu akikuficha msiba humuulizi, unasoma chako unanyamaza."

"Na pilau?"

"Imeliwa. Ilikuwa nzuri." Kisha akaona haya, sauti ikapungua. "Sasa mwanangu, hitma ishasomwa, hairudi. Itakungojea."

Nikamshukuru. Ningefanya nini?

Zuhura, nilipoiweka simu chini sikucheka, na sababu si hitma. Wazee wale wamenilea. Hakuna hata mmoja aliyesema, haiwezekani, juzi alikuwa hapa. Hakuna aliyesema, jana tumemsikia. Habari ya kufa kwangu ilipofika Chwaka ilikuta imeshatandikiwa mkeka. Huku mimi nikidhani kwamba mtu aliye safarini huwa hayupo kwa muda tu, kule nyumbani nimekuwa mtu ambaye kufa kwake kunasadikika bila ya kuulizwa.

Ndipo nilipokupigia nikakutamkia maneno makali, kwamba umeing'oa picha ya mume wako ukutani ukaipeleka iwe ya maiti. Uliibeba lawama yote. Kweli nilikuja kuipata kwa Rahma mwenyewe siku uliyomwachia simu ukaenda sokoni, nami nataka uijue namna nilivyoipata.

"Baba, umeniona?"

"Nimekuona."

"Nimelia vizuri?"

Nikasema, "Umelia vizuri."

"Mwalimu wa maigizo kasema nimewashinda wote. Mwanzo machozi yalikuwa hayaji, maana walitundika picha ya mtu simjui. N'kawaambia ninayo ya baba yangu, n'kaenda kuichukua."

"Ukaniona mimi, ukaamini nimekufa?"

"Aa, baba nawe! Si najua u hai? Mwalimu kasema kila mtu afikirie kitu chake kinachomuuma. Yule wa mpira kafikiria alivyong'olewa jino. Mie n'kafikiria ile Idi ulosema utakuja. N'livyokaa ngazini na gauni jipya, mama ananiambia ingia ndani, nami sitaki, mpaka ikaadhiniwa magharibi." Akaongeza, kwa furaha ya mtu aliyefaulu mtihani: "Yakaja tele!"

Kwa hiyo neno nililokurushia juu ya picha ile nalirudisha. Huna kosa. Lakini wewe ulikuwapo pale ngazini siku hiyo, na mimi katika simu ya Idi uliniambia, "Rahma hajambo, anacheza na wenzake." Hilo nalo nimelihifadhi.

Sasa yapo haya mapya. Umenitumia ujumbe kwamba sehemu ya pili ya tamthilia inaandaliwa, ambamo mama yake Mwanaidi anaolewa na jirani muuza kahawa, mtu mwema, na mtoto kidogo kidogo anajifunza kumwita Baba. Na kwamba watayarishaji, kwa kufuata taratibu, hawatamchukua Rahma bila ya ridhaa ya mzazi wa kiume. Yaani watu walioniua wanaomba ruhusa yangu.

Sikukataa kwa pupa. Nilimwandikia bibi mtayarishaji kwa simu ombi lililotimia adabu zote, nikieleza kwamba makosa ya habari za vifo hutokea, kama yalivyotokea Chwaka, na kwamba ingekuwa faraja kubwa kwa watoto wengi wa kisiwa chetu wenye baba walio mbali iwapo baba wa Mwanaidi angegundulika yu hai, akabisha hodi. Sikuomba arudi na mali. Niliomba abishe hodi tu.

Alinijibu kwa ujumbe wa sauti. "Shikamoo mzee. Barua yako nzuri sana, tumeisoma ofisini wote. Lakini hadithi ishakwenda hewani, na watoto wanaotazama washamzika yule baba. Tukimfufua watatuona waongo."

Hilo ni ombi langu la pili kukataliwa, nalo likasifiwa.

Basi nilikusudia kukataa. Niliyapanga maneno ya kukataa, na yalikuwa na nguvu. Nilimpigia Rahma ili nimweleze mwenyewe, kwa heshima, kama mtu mzima.

Akaniwahi. "Baba, ukikataa hawaachi. Watamweka mtoto mwengine, ataitwa Mwanaidi yeye."

"Na wewe utabaki Rahma. Huoni bora?"

"Mie Rahma tangu zamani, na walikuwa hawachezi nami." Hakulia. Alisema tu, kama anayetaja bei ya mchicha. "Sasa asubuhi wananingoja mlangoni, wote. Yule wa Kingazija ananisukia nywele. Hata wa mtaani wasokuwamo kwenye tivii wananiita. Na n'kisema kishamba wananiambia sema tena, sema tena, maana kwenye hadithi ndivyo anavyosema Mwanaidi. Sasa baba, n'rudi kukaa ndani?"

Zuhura, mimi ni mtu wa hoja. Nimewashinda kwa hoja wasimamizi waliosoma. Nilitafuta cha kumpa mtoto yule badala ya kichochoro kizima cha wenzake, nikapekua kila nilichonacho, nikakuta nina sauti ya kwenye simu.

Kwa hiyo, mimi Makame, baba mzazi wa Rahma, nikiwa na akili timamu na bila ya kushurutishwa na mtu, natoa ridhaa yangu mwanangu aendelee kuigiza. Maneno haya wasomee kama nilivyoyaandika, wasiyafupishe. Na amwite muuza kahawa Baba kila watakapomtaka amwite. Picha waiache palepale ukutani. Wakiitoa na kuweka ya mtu mwengine, nitakuwa nimekufa mara ya pili.

Mfikishie salamu Ami Haji, umwambie nimeipokea hitma na wasinisomee nyengine mpaka niwaarifu mwenyewe. Msalimie shangazi yangu wa Chwaka aliyepika pilau ile. Nasikia alilia kweli, na ni yeye peke yake. Wasalimie wapangaji wa chini wanaokubebea maji ngazini. Yule bwana anayeigiza muuza kahawa, ukikutana naye, msalimie pia. Sina ugomvi naye.

Rahma mbusu kipaji cha uso. Mwambie nimekubali. Akiuliza nitakuja lini, usimjibu kwa niaba yangu, wala usimtajie Idi yoyote. Na siku watakapomtaka alie tena, wewe uwepo, umtafutie kitu chengine cha kumliza. Jino, kidole kilichobanwa mlangoni, lolote. Mwambie hilo langu la Idi aliache, nalihitaji mwenyewe.

Wassalaam.

Ni mimi mumeo, niliye hai wakati wa kuandika,

Makame