Waya Wako Chini ya Pikapu

Baba Neema,

Ningekusalimu vizuri kwanza, lakini nimekasirika. Mikono yangu bado inanuka petroli, kwa hiyo nivumilie.

Ni hii pikapu yako. Moshi mweusi ulianza kabla hujalazwa, ukasema ni petroli chafu. Tangu tukuzike Tumati, moshi umezidi, na gari inakunywa mafuta kama ng'ombe aliyefika ziwani kiangazi. Asubuhi inawaka. Ikishapata moto ukaizima, haikubali tena. Juzi imenigomea Basotu, nyuma nimepakia samaki, jua linapanda. Wanawake wenzangu walisukuma mpaka wakachoka. Nusu ya samaki waliliwa na mbwa.

Na ushauri sasa! Ulipokuwa hai hakuna aliyethubutu kugusa boneti yako. Leo kila mwanamume wa hapa Gitting ni fundi. Mdogo wako Lohay akasema, "Shemeji, pampu imechoka, mafuta hayafiki." Akafunga pampu mpya. Moshi ukazidi. Akabadilisha plagi, muda si mrefu zikawa nyeusi tii. Mwishowe akasema tuiuze kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Nikamwambia aanze kuuza ng'ombe wake.

Ndipo nikaipeleka Katesh, Lohay na Neema wakiwa nami, kwa Saidi, yule fundi uliyemwita mwoga kwa sababu hupima kabla ya kufungua. Akaniamkia, akachomoa kijiti cha oili, akanusa, akakunja uso. Oili yenyewe ilinuka petroli. Akafunga geji kwenye bomba la mafuta pale kwenye injini. Mshale ukapanda, ukapita mahali pake, ukabaki huko huko.

"Mama, mafuta hayajapungua, yamezidi. Presha iko juu mno."

Akamfukuza Lohay na sigara yake. Akachomoa mpira unaorudisha mafuta kwenye tanki, akaweka mwingine uliomwaga kwenye dumu, tukawasha. Mshale ukashuka, ukatulia. "Basi injini haina kosa," akasema. "Mafuta yanakwenda, ila njia ya kurudi imebanwa, kwa hiyo injini inafurika petroli."

Akaingia chini ya gari, akaniita. Nikapiga magoti kwenye tope na kanga yangu, nikaona. Waya wako! Waya wa fensi, umeuzungusha na kuukaza kwa koleo mpaka bomba la kurudisha mafuta limebonyea. Nikakumbuka siku ile kwenye mawe ya njia ya Tumati, kishikizo cha bomba kilipokatika, bomba likawa linagongagonga. Ulitoka chini umejaa vumbi, unajisifu: "Hii haitoki mpaka nife."

Umekufa, na haikutoka! Baba Neema, kishikizo kizima kinauzwa kila duka la vipuri. Nilicheka pale gereji, nikacheka, halafu nikashindwa kujua kama bado nacheka. Lohay akageukia ukutani.

Saidi alikata kipande kilichobonyea, akaweka kipya, akakishika kwa kishikizo cha kweli. Akamwaga oili yote iliyoharibika, akaweka nyingine. Mshale ukakaa mahali pake.

Wakati wa kurudi nyumbani nikaizima makusudi barabarani, ikiwa moto. Nikageuza ufunguo. Ikashika mara moja, bila moshi. Badala ya kufurahi nikaanza kukusema, kwa sauti, kilima kizima, mpaka binti yetu akaniuliza, "Mama, unamgombeza nani?"

"Baba yako."

"Amejibu nini?"

"Amenyamaza. Si unamjua."

Neema akatazama dirishani. Kisha akasema, "Mwambie nimemkumbuka." Basi, nimekuambia.

Pumzika, mume wangu. Pikapu haiuzwi, na mimi ndiye nitakayeiendesha. Nakuahidi nitakuwa naipeleka ikapimwe kabla haijaanza kulalamika. Kunyamaza ndiko siwezi kukuahidi. Bado nina mengi ya kukugombeza, na wa kumgombeza namna hii sina mwingine.

Mkeo,
Mama Neema