Tarehe Kumi na Mbili Ina Watu Wengi

Chumba cha nyuma,
Nyumbani kwa Mzee.
Jumapili, 16 Oktoba.

Mpendwa kaka yangu Besi,

Salamu nyingi zikufikie huko uliko, wewe na wifi yangu na wanao wawili. Hamjambo nyote? Mgongo wako unaendeleaje? Mara ya mwisho uliniambia umeinua jokofu la mteja peke yako, nikasema moyoni kwamba fundi majokofu kazi yake kuyatengeneza, si kuyabeba. Natumaini wifi amekukanya, maana maneno yangu kwako huingia sikio hili yakatokea lile.

Sisi huku wazima. Goti la Mama linamsumbua asubuhi, jua likipanda linatulia. Mzee ni mzima, anakula, anasoma gazeti la juzi kana kwamba ni la leo, na anagombana na redio kama kawaida. Mimi mafua yamenikausha sauti, lakini Kasuku wenu hafi kwa mafua.

Utashangaa kuletewa barua ya mkono zama hizi. Sababu unaijua. Kila nikimtaja Mzee kwenye simu, mtandao unakukatikia. Nikimtaja Mama, mtandao mzuri. Nikitaja bei ya vitu, mzuri kabisa. Mzee tu, "haloo, haloo, sikusikii". Basi nimeona niandike. Karatasi haina mtandao.

Kaka, nimechanganyikiwa. Tangu Jumatano niko kama mtu aliyeshuka kituo kisicho chake, na nikijaribu kuyapanga haya mambo yananiponyoka. Nitakueleza yalivyotokea, wewe utajua pa kuyaweka.

Unaijua kazi yangu pale redioni. Kila asubuhi kabla ya taarifa ya habari tunatoa kipindi cha Siku Kama ya Leo, nami ndiye ninayekiandaa. Bosi ana sharti lake: tukio moja la dunia na moja la muziki, yafanane tarehe tu, mengine hayamhusu. Ndiyo maana kichwa changu kimekuwa ghala la marehemu. Nitajie tarehe nikwambie nani alizaliwa na nani alipinduliwa, lakini siku ya kuzaliwa ya wifi nimeisahau mara mbili. Aniwie radhi.

Sasa tarehe kumi na mbili Oktoba kwangu haihitaji kutafutwa. Mwaka 1492 Kolumbasi alifika kwenye visiwa vya watu, wenyewe wamo ndani, akasema amevigundua. Mwaka 1968 Guinea ya Ikweta ikapata uhuru. Na mwaka 1989 Franco, bingwa wa rumba, akafia hospitalini Ubelgiji. Hilo la mwisho hakuna mtoto wa nyumba hii asiyelijua. Wewe mwenyewe ulikuwa ukipiga gitaa la besi katika bendi ya Mzee, na kila mwaka tarehe hiyo mlikuwa na onyesho la kumkumbuka, ukumbi unajaa mpaka watu wanakaa madirishani.

Bendi ilivunjika kitambo. Mzee tarehe yake hakuiacha. Kila mwaka siku hiyo anaoga mapema, anavaa ile suti ya kijivu ya bendi, anakwenda kukaa kwa fundi saa hapo jirani tangu duka linapofunguliwa mpaka linapofungwa. Haongei na mtu. Akirudi, chakula hagusi. Sisi tukajua ni msiba wa Franco. Mama anatuambia tupunguze sauti, majirani wakikutana naye njiani wanampa pole, naye anapokea, "Nimeshapoa," kama mfiwa wa kweli. Kaka, nyumba nzima na mtaa mzima tumekuwa tukimfariji mtu kwa kifo cha mwanamuziki ambaye hakuwahi hata kumshika mkono, na hakuna aliyeona ajabu.

Mwaka huu nikajiona mjanja. Nikamwambia bosi kwamba badala ya Pilipili kusoma maelezo, tumlete Mzee azungumze mwenyewe. Pilipili ni mtangazaji wetu, tumempa jina hilo kwa jinsi anavyoongea bila kupumua. Bosi akakubali. Mzee ndiye aliyekataa, akasema siku hiyo kuna mahali anatakiwa kuwa. Nikamwahidi kumrudisha kabla fundi saa hajafungua duka. Akakubali shingo upande.

Basi Jumatano tukawa studio, katika kile chumba chenye trei za mayai ukutani. Pilipili akammaliza Kolumbasi haraka haraka, akamgeukia Mzee, akamwuliza siku bingwa alipofariki yeye alikuwa wapi.

Mzee akakohoa kidogo. "Mwanangu, Franco nilimlilia mwaka ule ule nikamaliza," akasema. "Tarehe hii ni ya kijana wangu. Ndiyo siku aliyoniacha."

Pilipili akakosa neno. Pilipili, kaka! Akanitazama kupitia kioo, nami nikamtazama, kisha akaweka tangazo la magodoro. Likaisha, akaliweka tena. Likaisha tena, na wakati huo Mzee ameshavua vile vya masikioni, amejiinukia, anatafuta mlango.

Njiani sikumwuliza kitu, kwa sababu kichwani nilikuwa napiga hesabu isiyotoka. Wewe hukuondoka Oktoba. Uliondoka mwezi wa tatu. Nina hakika, maana nilikuwa na matubwitubwi, shavu limevimba kama nimeficha yai, ukaniaga kwa mbali dirishani, ukasema hutaki kufika ugenini na shavu kama langu. Ninajua pia kwamba mliachana vibaya, kwamba Mzee alisema mpiga besi haachi wimbo katikati, na mkono hakukupa. Lakini hayo yote ni ya Machi. Oktoba imetoka wapi?

Nikadhani ni uzee. Sikufichi, niliogopa. Watu huanza hivyo, leo anachanganya miezi, kesho anachanganya watoto. Nikamfuata Mama jikoni nikamweleza alichosema Mzee hewani, akaendelea kuchambua maharage yake. Akasema Mzee hajakosea. Nikamwambia, Mama, ilikuwa Machi. Akasema Machi ni kweli, na Oktoba ni kweli. Nikamwuliza zitakuwaje kweli zote mbili.

"Si wewe ndiye mwenye tarehe?" akanijibu. "Nenda kamwulize fundi saa."

Jumatano sikwenda, kwa kuwa Mzee alikuwa amekaa kule na suti yake. Nikaenda Alhamisi. Duka halijabadilika, kila saa ya ukutani ina wakati wake. Na ile simu nyeusi ya mezani, simu ya mtaa mzima enzi zile, bado iko pale juu ya kabati la vioo. Waya ulikatwa zamani. Nikamwuliza fundi kwa nini hajaitoa, akasema ataitoaje na Mzee anakuja kuikalia kila mwaka.

Hapo ndipo nilipotoa macho. Fundi akakitoa jichoni kile kioo chake cha kazi, akaniambia alidhani tunajua. Mwaka ule ule ulioondoka, tarehe kumi na mbili Oktoba mchana, ulipiga simu pale dukani ukaomba kuzungumza na Mzee. Bendi ilikuwa uani kwetu, mazoezini, ikijiandaa kwa onyesho la jioni. Fundi akatoka mbio kumwita. Mzee hakuweka gitaa chini. Akasema, "Mwambie niko kazini. Apige kesho."

Fundi akarudi akakueleza. Anasema hukukasirika, ila ulimwomba aielekeze simu dirishani, upande wa uani kwetu. Akaishika hivyo mkono umemnyooka mpaka wimbo ukaisha. Alipoirudisha sikioni ukamwuliza jambo moja tu.

"Fundi, mbona hawajaweka mtu wa besi?"

Akakujibu kwamba wako wengi waliokuja kuomba, Mzee hataki mtu. Halafu simu ikakatika.

Kesho yake Mzee alifika dukani asubuhi, akakaa hadi jioni. Hukupiga. Akaja na keshokutwa. Baadaye, fundi anasema, akaona haya kukaa kwa watu kila siku bila la kufanya, akabakiza siku moja katika mwaka, ile ambayo angeweza kuwa na huzuni bila kuulizwa. Franco wa watu akawa kisingizio.

Kaka, nilitoka pale nikakosea njia ya nyumbani, na nyumbani ni mlango wa pili. Ninaandika haya na bado sielewi. Mama alijua, akanyamaza. Fundi alijua, akadhani tunajua. Sisi wengine tulikuwa tunatoa pole kwa marehemu, kumbe anayengojewa yuko hai, anabeba majokofu. Hata Franco nimeanza kumhurumia, kwa kuwa naona hapa kwetu hana aliyemlilia sana.

Na wewe je? Unaikumbuka simu hiyo? Ilikatika au uliikata? Fundi hajui, nimemwuliza mara mbili. Kama ilikatika, basi mmenuniana miaka yote hii kwa kosa la waya. Kama uliikata, sitakulaumu, ila ningependa kujua, na ningependa kujua kesho yake ulikuwa wapi. Usinijibu kwamba hukumbuki. Mtu aliyesikia kwenye simu kwamba besi haipo hasahau.

Jana nilimkuta Mzee peke yake kwenye benchi la uani. Nikamwambia nimezungumza na fundi. Nilidhani atakasirika. Mara akaniuliza tarehe kumi na tatu Oktoba kulitokea nini duniani. Nikamwambia mwaka 2010 wale wachimba madini wa Chile walitolewa ardhini wakiwa hai wote, na mwaka 2016 ndiyo siku iliyotangazwa kwamba mwanamuziki amepewa Nobeli ya fasihi, watu wakabishana wee. Akauliza kumi na nne. Nikamwambia hiyo aiache kabisa, nchi nzima iko msibani. Kumi na tano? Nikamwambia mwaka 1987 ndiyo siku Sankara alipouawa. Akatikisa kichwa.

"Hizi zote zina watu wengi," alisema. "Nitafutie siku isiyokuwa na mtu, umwambie kaka yako apige siku hiyo. Nitapokea mwenyewe."

Nimetafuta, kaka. Jana jioni na leo tangu asubuhi, mwezi baada ya mwezi. Hakuna. Kila siku kuna aliyezaliwa na aliyezikwa, kuna nchi iliyopandisha bendera na nyingine iliyovamiwa, kuna sahani ya santuri iliyotoka na mwimbaji aliyeanguka na ndege. Kalenda imejaa pomoni. Nimemwambia Mzee siku tupu haipo, akasema nimetafuta vibaya. Huyo ndiye baba yako, na wewe umetoka kwake, nami mmeniweka katikati kama kitunguu kwenye mshikaki.

Kwa hiyo mimi nimeshindwa na kazi yangu mwenyewe. Piga siku yoyote. Kesho ni sawa. Asubuhi ni nzuri zaidi, anakuwa bado hajaanza kugombana na redio. Namba yake nilikutumia mara kadhaa ukasema imefutika. Nimeiandika nyuma ya karatasi hii kwa wino, kubwa, ili wifi naye aione.

Nisalimie wifi, umwambie nimeuliza safari hii tarehe yake na nitaishika. Wanao waambie shangazi yao anawapenda na anataka picha, si ya paka, ya kwao. Mama anakusalimu, anasema uvae sweta. Fundi saa anakusalimu sana, anasema wimbo ule ulikuwa mrefu na mkono ulimuuma. Pilipili pia anakusalimu ingawa hakujui, kwa sababu tangu Jumatano ananiuliza kila siku kama umepiga.

Mzee nilimwuliza niandike salamu gani kwa niaba yake. Akasema nisiandike kitu, zake atakupa mwenyewe kwa mdomo.

Mungu awatunze nyote na awape usingizi mzuri huko ugenini.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye hata pale nisipokuelewa,

Kasuku