Jina Nililomficha Mama Mkwe

Kawempe,
Kampala.
9 Machi, 1975.

Mpendwa wifi yangu Akullo,

Salamu nyingi kutoka kwetu. U mzima? Kile kikohozi kimekuachia, au baridi ya Nairobi bado inakuonea? Bwana Oketch na watoto hawajambo? Sisi tunapumua, na siku hizi hapa anayepumua halalamiki. Sukari hatujaiona tangu Krismasi. Chai tunainywa kwa mazoea tu.

Barua hii nampa mkononi Wanyama, anayekuja huko kwenu, maana zile za posta husomwa na wengi kabla yako. Ukishaisoma, ichome.

Wifi, uliandika, "Nibusie Odur mdogo." Nililia. Hakuna Odur mdogo. Nimekudanganya wewe na mama miaka miwili mizima, na naona aibu hata kuishika kalamu hii.

Unajua askari walipomchukua kaka yako kazini nilikuwa na mimba ya miezi sita. Mama akaleta neno kutoka Lira: akizaliwa mvulana ni Odur, jina la baba yake lisipotee. Nikaitikia. Lakini nilikuwa nimeona kwenye vizuizi vya barabarani askari wakisoma vitambulisho. Anayeitwa Odur au Ongom, majina ya kwenu kaskazini, huambiwa akae kando, na waliokaa kando sijawaona tena.

Wakati ule nilikuwa nikifua nguo kwa Wajapani kule Luzira. Bwana alikuwa fundi wa mitambo. Walikuwa wanafunga mizigo kurudi kwao, na mimi sijajifungua. Nikamwomba mkewe jina lisilo la kaskazini wala la kusini, tena lisilosema kama ni mvulana au msichana, maana mvulana ndiye niliyemwogopea zaidi. Akaniandikia matatu, yote kwao huitwa wa kike na wa kiume: Hikaru, Kaoru, Makoto. Nikachukua Makoto kwa kuwa ulimi wangu uliliweza. Majirani wanadhani ni la Kikongo. Maana yake, aliniambia, ni ukweli. Cheka kama unaweza.

Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Mimi yalinijia na bibi yake. Jumanne iliyopita mama alikuja bila taarifa, kikapu cha simsim, ule ufuta wa kwenu, kichwani, miguu imevimba kwa safari. Alikuwa hajamwona mtoto hata siku moja. Akaanza kuita tangu barabarani: "Odur! Odur yangu!"

Askari watatu walikuwa dukani kwa Rukiah wakinywa soda. Mmoja akaja mpaka mlangoni pangu.

"Odur iko wapi?"

Wifi, nilimjibu, "Hakuna Odur hapa, afande. Na huyu mzee mimi simjui."

Mama aliishi kambi za polisi miaka ishirini. Kiswahili anakijua. Alinitazama, akamtazama mtoto aliyeshika gauni langu, na sura ni ile ile ya kaka yako, huwezi kuikosea. Kisha akamgeukia askari.

"Kweli, mtoto yangu. Mimi nakosea nyumba. Hii hapana nyumba ya mtoto yangu."

Akaondoka na kikapu chake. Hata maji sikumpa.

Askari walipokwisha kwenda nilimbeba mtoto mgongoni nikakimbia mpaka Kasubi, kwa Adong, mtu wa kwao mama. Nikaambiwa mama amekwisha panda basi. Kikapu kilikuwa pale. Adong alisema ni cha mtoto. Jina la mtoto mama hakulitaja.

Simsim sijaigusa. Makoto anaichungulia kila siku, namfukuza.

Wifi, wewe ni binti yake, wewe atakujibu. Muulize kwa ajili yangu: maneno yale aliyasema ili kutuokoa, au aliyasema kwa sababu ni kweli?

Nisalimie Oketch, na dada yake Adero mwambie gauni aliloniletea bado linanikaa. Mungu awafunike nyote kwa mkono wake, mtokapo na mrudipo.

Mimi ninayekupenda, na kama bado waniita hivyo, wifi yako,

Nabwire