Mwenye Ruhusa ya Kusema na Mwamuzi

Mariakani, Jumapili

Dada yangu Khadija,

Assalamu alaikum. Natumai barua hii itakukuta umekaa, ingawa najua wewe hukai mpaka ulazimishwe. Kifua cha Mama kimetulia? Na yule kitinda mimba wako, ameanza kutembea au bado anajikokota kwa makalio sakafuni? Mimi ni mzima. Nimekonda kidogo, lakini hilo usilifikishe kwa Mama, asije akanitumia samaki mkavu wa kulisha kijiji.

Utajiuliza kwa nini naandika ilhali tulisemezana Ijumaa. Dada, simu ya hapo nyumbani mnaifungulia sauti, nyumba nzima inasikia. Baba anauliza kama nasali, Mama anauliza kama nakula, nami najibu ndiyo, ndiyo, mpaka inakatika. Nina jambo ambalo halisemeki hivyo. Nimempa barua hii Bi Zuhura, jirani yangu, anayekuja huko nyumbani Pate harusini. Isome ukiwa peke yako.

Mariakani ni mji wa kupitia. Malori yanasimama, madereva wanakula, wanaosha uso, wanaendelea na safari. Mimi nilisimama nikabaki. Mwezi huu ni wa tisa, na mpaka majuzi nilikuwa sijasikia mtu hata mmoja akisema kama tusemavyo sisi. Kiwandani kazi yangu ni kupima maziwa yanapoletwa asubuhi. Natumbukiza kile kipimo cha kioo, nasoma, nasema yaingie au yarudi. Wiki ya kwanza tu nilimrudishia mama mmoja aliyetoka mbali, kwa kuwa maziwa yake yalikuwa na maji. Hakunitukana. Alifunga dumu lake taratibu, akaniambia, "Haya, binti. Umesoma." Kumbe alikuwa shangazi wa nusu ya wafanyakazi wa pale. Tangu siku hiyo chai ya saa nne nainywa na kikombe changu. Hakuna aliyenifukuza mezani. Ila nikikaa, mazungumzo yanaisha.

Kwa hiyo waliponiita kucheza voliboli nilikubali kabla hawajamaliza kuuliza. Nacheza na suruali ndefu na mikono mirefu, na mtandio nimeufunga sawasawa. Baba ajue au asijue, nakuachia wewe. Ni timu ya wanawake wa kiwandani. Kazi yangu ni kuuinua mpira karibu na wavu ili mwenzangu aupige, na mwenzangu huyo ni Kadzo, Mgiriama wa kitengo cha kufungasha. Dada, sijapata kuona mkono kama ule. Anapopiga, watu wa upande wa pili hufumba macho. Alikuwa nahodha wetu, na ubaya wake ni mdomo. Mwamuzi akikosea, Kadzo yuko chini ya kiti chake: "Refa, macho umeyaacha nyumbani na nani?" Na nyuma ya Kadzo, timu nzima.

Mwanzoni mwa msimu huu waamuzi walichoka. Wakuu wa ligi wakaita vikao, wakasema kuanzia sasa ni mtu mmoja tu kwa kila timu mwenye ruhusa ya kumkaribia mwamuzi, naye ni nahodha, na anakuja kuuliza, si kubishana. Mchezaji mwingine akifungua kinywa, kadi. Kocha naye abaki kwenye benchi lake.

Jioni tulipopata habari hiyo tulikaa kwenye nyasi nyuma ya kiwanda tukabishana. Kocha wetu, Mzee Karisa, alitaka aseme yeye. Akaambiwa hairuhusiwi. "Basi nahodha awe mtu mwenye adabu," akasema, na wote wakamtazama Kadzo, wakacheka mpaka Kadzo mwenyewe akacheka.

"Mchukueni Mwalimu," akasema, akininyooshea kidole. Mwalimu ndiyo mimi. Wananiita hivyo kwa jinsi ninavyosema. "Huyu hata akikukanyaga anakuomba radhi kwa aya tatu. Refa atasinzia, atupe pointi."

Ndivyo nilivyopewa unahodha, si kwa mchezo bali kwa ulimi. Nami, sikufichi, nilifurahi kupita kiasi. Mtu akiona kosa alikuja kuninong'oneza sikioni, nami nikaenda, mikono nyuma: "Mwamuzi, naomba maelezo." Mara mbili mwamuzi aligeuza uamuzi wake. Wenzangu walinipiga mgongoni. Kiwandani nikaanza kuulizwa nimeamkaje.

Sasa sikiliza yaliyotokea.

Mechi yetu ya mwisho ilikuwa na timu ya Vipingo, hapa hapa Mariakani. Mshindi anakwenda kwenye mashindano ya Malindi. Kwa Kadzo, Malindi ni zaidi ya mashindano. Mama yake anakaa Kisumu Ndogo, mtaa wa huko huko Malindi, anauza viazi karai, na miguu yake haimruhusu safari. Hajapata kumwona bintiye akicheza. Alikuwa ameshawatangazia majirani.

Mwamuzi alikuwa mzee wa makamo, amevaa kofia ya kufuma. Manahodha wawili tuliitwa kwenye kura ya sarafu. Nikamwamkia, "Shikamoo." Akaitikia, akanitazama, akaniuliza, "U mwana wa nani, weye?"

Kwa sauti ile, Dada. Ile ya kwetu.

Nikamwambia. Akasema nyumba ile anaijua, ile yenye baraza lililomeguka upande mmoja. Alisoma chuo cha Kurani na Ami Bakari. Aliondoka Pate kijana na hajarudi tangu mama yake alipofariki. Akaniuliza, "Na yeo mtashinda?" Aliposema "yeo", si "leo" kama wanavyosema hapa, nilimsogelea hatua moja. Nikamjibu kwa maneno ya nyumbani, nikamwita Ami kama tunavyowaita wote walio rika la Baba, nikacheka kwa sauti ambayo nilikuwa nimesahau kwamba ninayo. Sijui tulisema muda gani. Nahodha wa Vipingo, msichana mrefu mwembamba, alikuwa amesimama kando yetu muda wote, sarafu haijarushwa. Sikumwona. Huo ndio ukweli, nilisahau kabisa kwamba yupo.

Tulicheza seti nne, mbili zetu, mbili zao. Ya tano ni ya pointi kumi na tano. Tulipofika kumi na mbili kwa kumi na mbili, mpira wa Kadzo ulitoka nje, lakini mwamuzi akasema uligusa vidole vya Vipingo kwanza, pointi yetu. Na uligusa kweli, niliusikia. Nahodha wao akaja mpaka chini ya kiti, mikono nyuma kama mimi, na kwa sauti ya kufika mpaka barabarani akasema:

"Mwamuzi, naomba maelezo. Leo tunachezeshwa na mwamuzi au na ami wa mtu?"

Watu wakaangua kicheko. Wengine wakaanza kuimba, "Ami! Ami!" Mwamuzi alimwonyesha kadi ya njano, lakini niliona uso wa mzee ulivyobadilika. Tangu hapo hakunitazama tena.

Mpira uliofuata niliuinua vizuri kuliko wowote nilioinua maishani. Kadzo akaupiga ukatua juu ya mstari wa nyuma, mpaka chokaa ikaruka. Tuliiona sote. Pembe ile haikuwa na mtu wa bendera, maana siku hiyo walikuja wawili tu. Filimbi ikalia: nje. Kumi na tatu kwa kumi na tatu.

Kadzo akanigeukia. Alikuwa ameziba kinywa kwa viganja vyote viwili, hivi, kama mtu anayezuia kutapika. Akanisemesha kwa ndani ya vidole, "Mwalimu. Nenda."

Mzee Karisa alikuwa anaita kutoka kwenye benchi, "Nahodha! Nahodha!"

Nilipiga hatua mbili, nikasimama. Nimejiuliza sana tangu siku hiyo ni nini kilinisimamisha. Nilijiambia kwamba naogopa watu wataimba tena. Lakini haikuwa hiyo, Dada, na wewe sikudanganyi. Niliogopa atanijibu kwa sauti kavu, kama ya mtu baki. Katika miezi tisa nilikuwa nimempata mtu mmoja wa nyumbani, tena kwa nusu saa tu. Sikutaka kumpoteza kwa ajili ya mstari wa chokaa.

Nikainua mkono nikasema, "Tucheze."

Wenzangu watano walikuwa wananitazama, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na ruhusa ya kusema. Walikuwa wamenipa vinywa vyao nivishike. Tukapoteza pointi mbili mfululizo, mchezo ukaisha.

Kadzo hakupiga kelele. Angepiga kelele ningevumilia. Alikaa chini akaanza kufungua kamba za viatu, akasema bila kuniangalia, "Mimi ningepewa kadi nyekundu. Mama angesikia tumefungwa kwa sababu ya mdomo wangu, angecheka. Sasa nitamwambia tumefungwa kwa nini?"

Na yule mzee, alipokuwa anakunja karatasi zake, nilimwendea. Nilidhani nitamwomba radhi kwa yale ya "Ami". Akaniuliza kwa Kiswahili cha hapa, taratibu, "Mbona hukuja kuniuliza? Vumbi lilinifunika macho. Ungeuliza, ningemwita mwenzangu wa upande wa pili tukashauriana." Akavaa viatu vyake vya barabarani, akaenda zake. Hata jina lake sikulichukua.

Wiki mbili zilizofuata nilikunywa chai na kikombe changu. Nilikuwa nikirudi chumbani nalala na nguo za kazi. Nilifikiria kuacha kazi nirudi. Nilikwisha kuhesabu nguo zipi nizigawe.

Kisha Mzee Karisa akatuita kwenye nyasi, maana mechi za kirafiki zinaanza na lazima jina la nahodha liandikwe. Mmoja akasema awe mwenye heshima, waamuzi wanapenda heshima. Mwingine akasema awe aliyesoma. Nikasimama, nikasema heshima mmeiona, na kusoma mmekuona, na siku ile havikutembea hatua tatu. Nikasema awe yule ambaye atakwenda hata akiwa peke yake, hata kwa ndugu yake. Mengine atafundishwa. Nikamtaja Kadzo. Hakuna aliyepiga makofi. Waliliandika tu jina lake.

Jana baada ya chakula cha mchana nikasikia hodi. Miezi tisa, na chumba hiki hakijapigiwa hodi na mtu asiyekuja kwa shida ya umeme. Ni Kadzo, amesimama na mkono kiunoni.

"Nimekuja unifundishe kuuliza bila kutukana," akasema. "Usifurahi. Bado nimekukasirikia."

Nikapanda juu ya meza, nikawa mwamuzi. Akaja.

"Refa, hivi—"

"Mwamuzi."

"Mwamuzi, hivi uliona au uliota?"

Nikamwonyesha kifuniko cha mkebe, kadi ya njano. Akasonya, akarudi mlangoni, akaja tena. Mara ya pili akamtukana mama mzazi wa mwamuzi, ambaye ni mama yetu, nikampa nyekundu. Tukacheka, yeye akiwa ameuma mdomo kwa sababu hakutaka. Mara ya tatu alisimama wima. Akaweka mikono nyuma. Sauti yake ilikuwa tulivu hata sikuitambua.

"Mwamuzi, naomba maelezo. Kwa nini nahodha wetu alisimama?"

Nilikuwa juu ya meza, Dada, hakuna pa kwenda. Nikamwambia kama nilivyokuambia wewe. Kwamba nilikuwa mpweke, na yule mzee alisema kama Baba, na kwa pointi moja nilichagua kuwa wa kule nikawaacha wao. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikata. Kadzo! Kisha akasema, "Nimeyasikia maelezo. Sikubaliani nayo." Akainamisha kichwa kidogo, kama tulivyofundishwa, akarudi mahali pake, yaani mlangoni. Akavaa ndala zake akaondoka. Nilibaki juu ya meza mpaka adhana ya alasiri.

Nguo sijazigawa.

Nisalimie Mama, umwambie nakula. Baba, mwambie nasali, na hilo ni kweli. Shangazi mkubwa aliyenifunda, mpe mkono wangu. Ami Bakari, muulize taratibu kama anamkumbuka mwenzake wa chuoni aliyeondoka kijana, ila usimwambie unauliza kwa nini. Wanao wote uwabusu, na shemeji umpe salamu za heshima.

Ni mimi mdogo wako, Maryamu, ambaye Jumamosi atakuwa uwanjani kama wengine, bila ruhusa ya kusema.