Majina Matatu kwenye Kitambulisho Changu

New Site, Juba
Jumapili, baada ya misa

Kwako Mama,

Nakusalimu kwanza, kwa sababu ndivyo ulivyonilea, na hasira haifuti salamu. Magoti yanaendeleaje na baridi ya Kitale? Ile dawa ya kupaka uliyopewa zahanati unaitumia, au umeificha kabatini mpaka iharibike? Mimi ni mzima wa mwili. Joto la huku linanichosha na maji ya kununua yananichosha, lakini leo sikuandikii habari za joto.

Nakuandikia kwa sababu kila nikikupigia simu nikataja neno baba, mtandao wako unapotea. Barua haina mtandao. Dereva wa lori anayepita Kitale ameahidi kukupa mkononi, na nimemwambia asiondoke mpaka aone umeifungua.

Unajua kazi yangu ni kupanga vitabu katika chumba cha kusomea kule Kator. Tuliomba vitabu vya shule. Wanafunzi wanagombania kitabu kimoja cha hesabu mpaka jalada limetoka. Yakaja maboksi kutoka Amerika, tukayafungua kwa vigelegele, na ndani, Mama, mlikuwa na vitabu vya kuwafundisha Wamarekani kutafuta babu zao! Kabati zima limejaa. Kitabu cha makaburi ya wilaya fulani. Kitabu cha majina ya watu walioshuka melini zamani. Kitabu cha kukuelekeza ofisi gani katika mji gani inatunza vyeti vya ndoa vya kale, na karani umwombe faili ipi. Nilikasirika nikataka kuvitupa nje. Msimamizi akasema mchango ni mchango, panga. Nikapanga, na mikono ikipanga macho yakaanza kusoma.

Kuna sura nzima kwa wale ambao babu zao waliuzwa sokoni, wakaandikwa umri tu bila majina. Hata hao wameandikiwa njia ya kutafuta. Na karibu kila kitabu kinaanza na shauri lile lile: kabla ya kwenda makaburini, waulize wazee wako walio hai. Nilicheka. Nikajiona nimebarikiwa, mimi niliyefundishwa majina ya ukoo tangu nikibebwa mgongoni.

Kisha tukaambiwa kila mfanyakazi awe na kitambulisho cha uraia, asiye nacho aache kazi. Nikaenda ofisini bila wasiwasi. Pale wanataka utaje ukoo wako mbele ya wazee walioketi kwenye benchi, na wazee waseme kama wanawafahamu watu wako. Nikasimama, nikatoa sauti kama ulivyonifundisha ukinisuka nywele: mimi ni Keji binti Pitia, Pitia mwana wa Lado, Lado mwana wa Loro, mpaka mwisho bila kukwama.

Mzee mmoja akainua mkono. "Ya biniya, ewe binti, huyo ni Pitia mwana wa Lado wa hapa Kator?"

"Ndiye, ni baba yangu. Alikufa vitani."

"Vita gani? Pitia alikufa kitandani kwake, mzee kabisa. Mimi nilikuwa mmoja wa waliomzika. Alikuwa na binti mmoja tu, Poni. Mama yako anaitwa nani?"

Ningefanyaje, Mama? Nilisema jina lako.

Afisa akaweka kalamu chini. "Sasa mama yako ni dada yako?" Benchi likacheka. Foleni ikacheka. Mwanamke Mganda anayeuza chai mlangoni akacheka mpaka akamwaga chai, halafu akaniona nafuta machozi akasema, "Usilie, dada. Mama yako iko hai? Basi enda uliza yeye." Hata muuza chai anajua lililo kwenye kitabu.

Miaka yote hii nimemwombea Baba Pitia kila mwezi wa wafu, kumbe namwombea babu yangu! Sasa naelewa kwa nini kwenye karatasi zako za Kenya wewe ni Mary Poni tu, bila jina la baba. Umenifanya kichekesho katika mji wenu, mbele ya watu wanaokujua. Nimekukasirikia, Mama, na sitajifanya eti sijakukasirikia.

Yule mzee alinifuata nje akanipeleka kwa kaka yako Wani. Ndiyo, Wani, yule uliyesema alikufa. Anaishi nyuma ya kanisa kuu na mkewe na kuku wake, na akicheka anakunja pua kama wewe. Alianza kulia kabla sijasema mimi ni nani. Nikamuuliza baba yangu ni nani.

"Malesh, pole mwanangu," akasema. "Hilo jina hata sisi alitunyima. Mzee wetu Pitia alimuuliza, akamuuliza tena, akakataa. Mzee akasema khalas, imetosha, akamfukuza na tumbo lake."

Nikachemka upya. Kumbe mzee aliyekufukuza ndiye uliyenipa awe baba! Huyo mwingine ni nani hata jina lake lifichwe hivi? Kama alikulazimisha, niambie, hasira hii yote nitaihamishia kwake. Kama alikuwa mume wa mtu, niambie. Na kama hukulijua jina lake, niambie hivyo hivyo. Nitalia, nitanyamaza, nitaenda kazini.

Kesho yake Mjomba alivaa koti la harusi yake akaja kunisimamia. Afisa akasema anataka ndugu wa upande wa baba. Mjomba akamjibu kwamba sheria inakubali upande wa mama pia, na kama afisa hajaisoma, yeye atamngoja aisome. Akaketi kwenye benchi, akakunja mikono. Wazee wakamuunga mkono. Kitambulisho ninacho, na kazi ninayo.

Nisalimie Mama Nekesa, jirani yetu aliyenishonea sare ya kwanza, na mwalimu wa kwaya, umwambie bado naimba. Mjomba Wani anakusalimu sana. Anasema hakuna aliyebaki wa kukufukuza.

Sasa nisikilize. Huku kwenye kitambulisho mtu anaandikwa jina lake, la baba yake na la babu yake. Mimi, kwa kuwa nimesimamiwa na upande wako, nimeandikwa Keji Pitia Lado. Wewe ukija kuchukua chako utaandikwa Poni Pitia Lado. Yule afisa aliyenicheka ametufanya dada kwa mkono wake mwenyewe. Kama mwanao nilikuuliza, ukakata simu. Leo nakuuliza kama mdogo wako, na mzee wetu hayupo tena wa kutusikia: Dada Poni, baba yake Keji ni nani?

Mdogo wako kwa kitambulisho, mwanao wa kuzaa,

Keji