Ugali wa Ulezi Kule kwa Mama

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba, mama. Huku Sumbawanga hatujambo. Babu yako anavuna maharage. Umeandika kuwa umenenepa, sasa unalala na njaa ili upungue. Nimeumia.

Nilipoolewa hapa mjini, mtaa wa Majengo, nilipenda sembe na mikate. Nikanenepa, na njaa haikuisha. Kisha nikaenda kijijini Kaoze kumuuguza mama yangu. Kwake tulikula ugali wa ulezi, maharage na mboga. Nilishiba mapema, hata magauni yakanipwaya.

Juzi nikamsimulia nesi wa zahanati. Akacheka: "Bibi, tumboni kuna bakteria wanaokula nyuzinyuzi za vyakula hivyo. Wakishiba, wanausaidia mwili kujua umeshiba."

Mimi miaka yote nilidhani ni mkono wa mama.

Usijinyime, mama. Kula vyakula hivyo, ushibe.

Bibi yako anayekupenda